Katekista Aliyezamisha Jirani Zake

Donatus alikuwa katekista wa kigango cha Mwabusigu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Mhunze, na ukimwita katekista hageuki. Sharti umwite Mwalimu. Vitu viwili alivipenda kuliko wokovu wa mtu yeyote: jina hilo, na baiskeli. Baiskeli ilikuwa mali ya parokia, lakini kila Jumamosi Donatus aliipaka mafuta ya kupikia ya mkewe, na kwenye usukani alifunga utepe mwekundu. Akienda kisimani, hatua hamsini, anakwenda nayo. Akienda kwa Mageni kunywa pombe ya mtama, anakwenda nayo vilevile, anaificha nyuma ya ua wa minyaa ili mtu asijue yuko humo, huku utepe ukipepea juu ya ua kama bendera ya chama.

Mwaka huo wa sitini na tisa mvua ilikuwa haba, na pamba ilivunwa upesi kwa kuwa hapakuwa na nyingi ya kuvuna. Watu wakabaki na miguu isiyo na kazi. Miguu ya Kishapu ikikosa kazi inakwenda kwenye mbina, yaani ngoma ya mashindano. Vikundi viwili vinapiga kwa saa ileile, kimoja huku, kingine kule, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Mtazamaji anayechoshwa na hawa anahamia kwa wale, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Silaha kubwa ni wimbo wa kumtaja mtu kwa jina na kumsema mpaka babu yake. Aliyetajwa hapigani. Anakwenda kutafuta jibu.

Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Maganga, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Kwa sababu ya Maganga, Padre Bartholomeo alipokuja mwezi wa sita kukagua mafundisho, alikuta watu wanne: vikongwe wawili viziwi, Scolastika mke wa mwalimu, na msafiri aliyeingia kukwepa jua.

"Nitarudi mwezi wa nane," alisema Padre, mtu asiyepoteza maneno. "Nikikuta hawa hawa, kigango nakifunga. Wewe unarudi kwenye jembe, na baiskeli inakwenda Ibadakuli kwa mwalimu mwenye watu."

Donatus hakula siku hiyo. Scolastika alipomwuliza kama kinachomuuma ni kigango au baiskeli, alisema vyote, lakini alisema akitazama baiskeli.

Kwenye chuo cha makatekista alikuwa amefundishwa kutunga tenzi, na tangu hapo ujuzi huo haukuwa umemdhuru mtu. Sasa alifungua kitabu cha Mwanzo, akaipata habari ya gharika, akaona kwamba Maandiko yamekosa kitu kimoja tu: majina. Imeandikwa watu wote walizama, lakini watu gani? Akawajaza.

Siku ya mbina alipanda juu ya kichuguu upande wa pili wa uwanja, mkabala na kikundi cha Maganga, kanzu nyeupe, karatasi mkononi, akaanza kughani:

Mola akachungulia,
Kishapu ikavundia,
pua akajizibia,
akaagiza gharika.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alisimama. "Mwalimu, hayo maji yalikuwa mengi kiasi gani?"

"Yalifunika milima, mzee wangu. Siku arobaini bila kukatika."

"Siku arobaini," alisema mzee, akatazama angani, ambako hapakuwa na kitu. "Basi yaje."

"Ni adhabu, mzee."

"Nimekusikia. Yaje."

Donatus aliona adhabu yake inaelekea kuwa sherehe, akarukia haraka ubeti aliokuwa ameutunga kwa kuuma meno:

Maganga mpiga ngoma
maji yakamsukuma,
akaenda akizama
na ngoma imepasuka.

Ngoma za Maganga zikanyamaza. Mwenyewe akaja kuelekea kichuguu, kikundi chake chote nyuma, na Donatus akapima kwa jicho umbali wa kufika kwenye baiskeli.

"Rudia," alisema Maganga.

Akarudia. Maganga akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hapo pa ngoma kupasuka," akasema, "pametulia." Akakaa chini. Uwanja mzima ukahamia kwenye kichuguu.

Mageni alisukuma watu kwa viwiko hadi mbele. "Na mimi, Mwalimu? Maganga anazama, mimi nimebaki nchi kavu kwa kosa gani?"

Donatus alikuwa naye tayari, tena ubeti wake ndio uliotoka bila jasho:

Mageni na pombe yake,
mtungi kichwani kwake,
alizama peke yake,
wanywaji wametoweka.

Mageni alipiga vigelegele, na jioni hiyo pombe yake iliisha kabla ya jua kuzama, kila mnywaji akitaka kuuona mtungi uliomo kwenye gharika.

Basi Donatus akapata akili. Alitangaza kwamba hakuna tena kuzamisha watu uwanjani. Anayetaka kuzama aje mafundisho, asikilize hadi mwisho, ndipo beti zitolewe, tena tatu tu kila Jumapili. Wakaja. Wakaja kwa miguu kutoka vijiji vitatu, wameoga, wamevaa nguo za sikukuu, tayari kuangamia. Mama mmoja alileta kuku. Mfugaji mwenye zizi kubwa aliuliza kama atazama pamoja na ng'ombe wake au peke yake. Alipoambiwa ng'ombe nao wanazama, isipokuwa wachache waliopanda safina, alifikiri sana, akasema, "Yaya, Mwalimu, mimi niache kwanza." Yaya kwao ni hapana.

"Hawa hawajaogopa," Scolastika alimwambia mumewe, akimnyonyoa yule kuku. "Umewahi kuona wapi mtu anatoa kuku ili ahukumiwe?"

"Wanakuja. Padre atahesabu vichwa, hatahesabu woga."

"Na wewe uko wapi humo ndani?"

"Mimi ni Nuhu."

Scolastika aliacha kunyonyoa. "Na mimi?"

"Mke wa Nuhu hakutajwa jina."

"Afadhali," alisema Scolastika, akaendelea na kuku.

Wiki mbili kabla ya Padre kurudi, Maganga alibisha hodi kwa adabu isiyo yake, akaomba kuazima Biblia. Alikuwa amesoma madarasa mawili zamani, akaacha, lakini herufi hazikuwa zimemwacha. "Nataka kuona Nuhu aliishia wapi," alisema. Donatus akahisi machozi. Alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili, akamwambia Scolastika kwamba amini usiamini, utenzi umemfikia moyoni yule mpagani. Scolastika akamkumbusha kwamba mtu aliyetajwa anatafuta jibu. Donatus akamwambia ni wivu.

Padre Bartholomeo alishuka kwenye Landrova, akakuta kanisa limejaa hadi madirishani. Alihesabu, akahesabu tena, akafika sabini na wawili. Akamshika Donatus mkono, akamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, nilikukosea." Kama mambo yangeishia hapo, Donatus angezeeka akisimulia. Lakini sifa ilimpanda, akaomba ruhusa ya kughani.

Alighani yote. Kila aliyezama alisimama kwenye ubeti wake, akainama kushoto na kulia, watu wakashangilia. Padre alitabasamu kidogo mwanzoni, halafu akaacha. Kwenye beti za mwisho, safina ilipoelea na Nuhu akabaki peke yake msafi kati ya watu wa nchi hiyo, Donatus alijigonga kifua kidogo, ili mtu asikosee Nuhu ni nani.

Ndipo Maganga akasimama upande wa pili, Biblia kwapani. "Padre, mimi nilitajwa. Ninaruhusiwa kujibu?"

"Kwa kitabu gani?" aliuliza Padre.

"Hikihiki. Mwanzo, sura ya tisa."

Padre akakaa vizuri. "Jibu."

Nuhu alipotulia,
mvinyo akabugia,
nguo akajivulia,
hemani akaanguka.

Nuhu wa kigango hiki
kwa Mageni habanduki,
na kurudi hakumbuki
hadi jogoo kuwika.

Hakuna aliyeamriwa. Ni miguu tu, ilivyozoea. Benchi la kwanza likahama, la pili likafuata, na kabla Donatus hajakunja karatasi yake sabini walikuwa upande wa Maganga. Hata vikongwe wawili viziwi walihamia, kwa kuwa waliona wengine wanakwenda. Upande wa Donatus alibaki Scolastika, naye alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanamcheza.

"Ni kweli?" Padre alimwuliza Donatus.

Donatus alisema si kila siku.

Padre Bartholomeo alivaa kofia yake. "Mwalimu, umeniletea watu sabini na wawili, na aliyesoma Maandiko ni mmoja. Naye ameyasoma ili akuseme. Siwezi kufunga kigango ambacho mpagani anasoma Biblia kwa hiari. Kinabaki, na wewe unabaki." Donatus akaanza kushukuru. "Baiskeli ninaondoka nayo. Kwa Mageni ni karibu, utafika kwa mguu."

Ikapakiwa kwenye Landrova, magurudumu juu, utepe ukiburuzwa kwenye vumbi hadi bondeni.

Jumapili iliyofuata Donatus aliingia kanisani kwa mguu, akitarajia wale wanne. Alikuta watu wamekaa hadi nje. Wamekuja kusikia jibu lake, maana mwalimu naye ametajwa, na asipojibu ameshindwa, na aliyeshindwa hafuatwi na mtu. Alikuwa amekesha na kalamu na hakupata hata mshororo.

Maganga alimsogelea kabla ya sala, kwa heshima kabisa, kidole kikiwa katikati ya kitabu.

"Mwalimu, hii ya Lutu na binti zake kule pangoni, na ule mvinyo. Imeandikwa kweli, au nimesoma vibaya?"

"Hiyo bado hatujaifikia," alisema Donatus.

"Mimi nimeifikia," alisema Maganga, akaenda kukaa.