Baada ya Jauza

Nafanya kazi ya maabara, napima damu za watu kwenye zahanati moja hapa Maskati, na kwa miaka ishirini na mbili sijatoa jibu nisilolipima mara mbili. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kudanganyika ovyo. Wa kunidanganya ilibidi awe baba yangu.

Sisi ni watu wa Unguja. Wanaotupenda husema tulirudi Omani, wasiotupenda husema tulikuja. Babu mzaa baba alikuwa rubani, si wa ndege, wa majini. Nahodha aliamrisha mabaharia, babu aliamrisha chombo kielekee wapi, na dira yake ilikuwa nyota. Kwa watu wa kazi ile upeo wa bahari ni duara lililogawanywa pande thelathini na mbili, na kila upande una jina la nyota inayochomoza au kutua hapo. Anayejua nyota gani hutoka wapi anajua anakokwenda, hata kama mbele yake hamna kitu ila maji.

Babu alimsomesha baba duara zima kwa mdomo. Baba mwenyewe hakuwahi kuongoza hata mtumbwi. Alikuja Maskati kijana, akaingia ofisi ya serikali, akastaafu kwa heshima na saa ya ukutani. Lakini kila mgeni aliyekaa sebuleni kwetu alielezwa, kabla kahawa haijamiminwa, kwamba nyumba hii ina ilmu isiyouzwa madukani. Nilipokuwa msichana nilimwomba anisomeshe. Akacheka, akaniambia nikamsaidie mama jikoni.

Mama alipofariki, mdogo wangu wa kiume alikuwa keshaoa na kuhamia Sibu. Nikabaki mimi na baba kwenye fleti yetu ya Darsait. Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na mtu wa Salala. Nikaiahirisha harusi mara moja kwa sababu ya maombolezo ya mama, mara ya pili kwa sababu ya moyo wa baba, na mara ya tatu mchumba mwenyewe akachoka kungoja, naye alikuwa na haki. Watu walinionea huruma. Mimi sikujionea, kwa sababu mwaka ule ule, jioni moja baada ya Maghrib, baba aliniambia nikafunge mlango wa sebule, nikae karibu yake. Akaanza kunisomesha nyota.

Miaka kumi na mmoja tumefanya hivyo. Nataka nieleweke: sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, lakini nilikuwa na hilo. Wanawake wenzangu kazini wakizungumzia mikufu waliyopewa na mama zao, mimi nilikuwa nanyamaza na kutabasamu. Nilijua kwamba ukoo mzima ulikuwa na kitu kimoja cha thamani, na kwamba kitu hicho kilikuwa kwangu.

Nilijifunza kama sisi tunavyojifunza kila kitu, kwa kuhifadhi. Baba anataja, mimi naitikia, mpaka ulimi ukawa unakwenda wenyewe. Tulianza na Jaa, nyota ya kaskazini isiyohama, tukateremka upande wa mashariki mpaka Suheli na kusini. Katikati ya safari ile pana mahali ambapo nilikuwa nikisema: Jauza, Akrabu, Iklili, Tiri. Nilisema hivyo maelfu ya mara. Hata siku moja hatukutoka nje kutazama. Darsait upande mmoja kuna mlima, upande wa pili majengo, na roshani yetu inatazama matangi ya maji na nguo za majirani. Lakini nisijifiche nyuma ya majengo. Gari ninalo, na pwani ipo. Sikwenda kwa sababu kwetu, kumwambia mwalimu wako akuonyeshe ni kumwambia huuamini ulimi wake. Mimi ninayepima damu mara mbili, hili sikulipima hata mara moja, na nikaona hiyo ndiyo adabu.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja Maskati mwanamke mmoja Mpolinesia, kutoka visiwa vya katikati ya Bahari ya Pasifiki. Wapenda bahari wa hapa walimwalika azungumze kwenye ukumbi mmoja wa Matrah, unaotazama Bandari ya Sultan Qaboos, na siku hiyo meli ya watalii ilikuwa imeziba dirisha zima. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye viganja vipana na kicheko cha karibu. Alieleza jinsi watu wao walivyovuka maji wiki nyingi bila dira: usiku nyota, mchana jua, na mbingu ikifunga, mawimbi makubwa yanayotoka mbali, ambayo rubani huyasikia kwa mgongo akilala sakafuni mwa chombo. Akanyoosha mkono mbele ya uso wake, kidole gumba kikilala kwenye upeo wa bahari, akatuonyesha jinsi anavyoipima nyota ya kaskazini kwa kiganja. Ikifika kwenye alama fulani ya kidole, anajua amefika usawa wa kwao, na kilichobaki ni kugeuka tu.

Kisha akapanga mawe mezani kwa duara. Alisema kwao wanafunzi huketi katikati ya mawe kama walioko chomboni, na kila jiwe ni nyumba ya nyota. Inayotoka nyumba fulani mashariki hutua nyumba ya jina hilo hilo magharibi. Nyumba zilikuwa thelathini na mbili. Nilisimama kabla sijajua kama nimesimama. Nikamwambia sisi pia tuna thelathini na mbili, na mimi ninazo zote kwa moyo. Alifurahi kweli. Akaniambia kwamba Ijumaa anakwenda Qurayyat na kikundi kile, kwenye pwani iliyo wazi, na akaniomba nije nipange duara la kwetu kando ya lake.

Nilirudi nyumbani kuomba ruhusa nikitegemea kukataliwa, maana baba hakuwahi kutaka hata jirani asikie. Akafikiri kidogo. "Wasomee," akasema. "Yote. Usiwafiche kitu." Nilimbusu mkono. Nilidhani amelainika kwa uzee, au kwa kunionea fahari.

Tulifika Qurayyat jua likiwa bado juu, watu kama ishirini, na mikeka na chai. Mgeni akapanga mawe yake, mimi nikapanga yangu, kila jiwe nikilitaja kwa sauti huku watu wakinirekodi kwa simu. Sikukosea hata moja. Tukasali Maghrib, giza likaingia, tukaketi katikati ya duara langu tukitazama baharini. Jauza alikuwa keshapanda juu ya maji, na zile nyota zake tatu za mkanda kila mtu alizijua.

"Na ile kubwa inayomfuata?" mgeni akauliza. "Yenu inaitwaje?"

"Tiri."

"Itatokea wapi?"

Nikamwonyesha jiwe langu, kusini-mashariki, kule milima inakoshuka karibu na bahari. Akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akasema tungoje. Tukanywa chai. Haikupita nusu saa, nyota ikatoka majini ikimeta nyekundu na kijani, mawe mawili kushoto kwa lile nililolionyesha, pale pale nilipoweka Akrabu.

Nitakubali aibu yangu: kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba nyota imekosea. Nilitazama mawe, nikayahesabu upya kwa kidole, nikasoma kimoyomoyo tangu Jaa. Wale wengine walikuwa wakipiga picha, hawakuona kitu. Mgeni alinisogelea, akaniuliza polepole nani alinifundisha. Nikamwambia ni baba, na kwamba siku hizi umri umemchukua.

"Alianza kukufundisha akiwa mzee?"

Nikasema hapana, si mzee kiasi hicho. Akasema hata kwao wapo wa zamani waliokuwa wakipindua kitu kimoja makusudi, ili asiye wa nyumba akiiba elimu ile, impoteze baharini. Akasema walimu wake yeye walifundishwa na mtu wa kisiwa kingine kabisa, asiye wa ukoo wao, naye aliwapa yote sawasawa ingawa watu wake walimlaumu. Hakuyasema kwa kunichoma. Lakini yalinichoma.

Njiani nikasimama kituo cha petroli nikampigia mdogo wangu. Nilitaka aniambie kwamba baba siku hizi anachanganya mambo. Kwake televisheni ilikuwa juu, watu wanatazama mpira.

"Baba alishawahi kukusomesha nyota?" nikamuuliza.

"Dada, mambo gani haya leo? Alinsomesha, ndiyo. Nna miaka kumi na minne, wiki tatu za likizo, akanambia basi n'shamaliza."

"Baada ya Jauza nini?"

"Tiri, Iklili, Akrabu, Himareni, Suheli," akasema, kama mtu anayesoma vitu vya kununua sokoni. "Niendelee?"

"Mimi alinisomesha vyengine."

Akapunguza sauti ya televisheni. Alivuta pumzi ndefu, nikajua kwamba jambo hili analijua.

"Usikasirike, dada. Alipoanza kukusomesha wewe, alinambia yako kaipindua. Alisema mtoto wa kike leo yuko kwako, kesho yuko kwa watu, na ilmu ya nyumba haimfati mume wa mtu. Akanambia n'siseme. Mimi nilidhani keshakurekebishia zamani, maana hukuolewa."

"Na wewe ushaitazama Tiri?"

"Hata nikionyeshwa siijui, wallahi."

Nilikaa kwenye gari mpaka mfanyakazi wa kituo akaja kuniuliza kama nataka mafuta. Nilikuwa na hasira na mdogo wangu, kisha nikaona haya kumkasirikia mtu ambaye hakuomba kitu na hakukitumia. Yeye alipewa wiki tatu za kweli. Mimi nilipewa miaka kumi na mmoja ya uongo, na niliisahau harusi yangu ndani yake.

Kesho yake kazini nilipima sampuli moja mara tatu, na bado sikuamini jibu. Jioni, baada ya Maghrib, baba akaniambia nifunge mlango, kama kawaida. Nikafunga. Njia nzima kutoka kazini nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini nilipomwona amevaa kanzu yake safi na kofia, anansubiri, nikasema moyoni nimpe nafasi. Binadamu hukosea, kisha hutengeneza. Akitengeneza mwenyewe, sitasema neno.

Tukaanza na Jaa. Tulipofika Jauza nikanyamaza.

"Limenipotea, baba. Baada ya Jauza nini?"

Alinitazama. Hakuwa mzee aliyepotewa, macho yake yalikuwa makavu na mazima. Akairekebisha kofia.

"Akrabu," akasema. "Umechoka leo, mwanangu."

"Jana nilikaa pwani nikaiona Tiri inatoka," nikamwambia. "Nimeiona kwa macho yangu. Haikutoka ulikonambia."

Mkono wake ukasimama juu ya goti. Nilingoja aone haya, au akasirike, au anambie kwamba alikuwa ananijaribu. Hata uongo mwengine ningeupokea, mradi uwe umetengenezwa kwa ajili yangu.

"Walikuwapo watu?" akauliza.

"Kama ishirini. Na yule mgeni. Na wamenirekodi."

"Uliwasomea ipi? Ya mdogo wako?"

"Niliwasomea hii. Mimi sina nyengine."

Akashusha pumzi, na mabega yake nayo yakashuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi haijatoka nyumbani."

Alinyoosha mkono kuitafuta tasbihi yake pembeni ya mto. Nikafahamu wakati huo kwamba mtu aliyekuwa akifichwa ilmu hiyo, miaka yote ile ya kufunga mlango, alikuwa ndani ya chumba. Nikaenda jikoni kumpashia supu, kwa sababu dawa zake za moyo hazinywewi na njaa.