Mbegu Nilizozichemsha Kakuyuni

Siku ile ya mbegu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa mwari pale Kakuyuni, na akina mama wa kijiji walikuwa wameanzisha kitalu cha migunga ya kigeni, ile ikuayo upesi ikatoa nguzo na kuni. Mbegu yake ina ganda gumu. Shangazi aliniagiza: "Chemsha maji, yaepue, ndipo uyamimine juu ya mbegu. Ziache humo zipoe." Mimi nikaona huko ni kujichosha. Nikazitumbukiza sufuriani moto ukiwaka, nikaenda zangu barabarani kupiga soga. Niliporudi zilikuwa zimelainika kama pojo zilizopikwa. Nikazipanda hivyo hivyo, nikanyamaza.

Aliyekuwa akizinywesha maji ni bibi mmoja mjane, Kadzo, tuliyemwita Hawe, yaani nyanya. Haikuota hata moja. Maneno yakaanza kisimani: mkono wake una nuksi. Kisha ikawa si nuksi, ni uchawi. Wajua huku kwetu neno hilo humfikisha wapi mzee. Nami nilikuwapo, ndoo kichwani, ukweli nikaumeza. Mwanawe akaja akamhamishia Muyeye, akihofia mamake asije akauawa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shangazi alifukua udongo, akaifinya mbegu moja, ikapondeka. Akanitazama.

"Hizi zilipikwa. Nawe ukaacha mtu mzima atukanwe?"

Sikuwa na pa kuuficha uso. Alinishika mkono hadi kisimani nikasema mbele ya wote, kisha tukaenda Muyeye. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, Hawe. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Mbegu nyingine mtapata. Jina langu mimi, nitaliotesha kitalu gani?"

Hakurudi Kakuyuni ila kuzikwa. Na siku hiyo, mwanangu, bado kuna walionong'ona.

Tulipanda tena, na migunga ile imejenga nyumba nyingi hapa, hata hii yetu. Leo umeniomba mbegu ukapande shamba lako. Chukua. Lakini nakuusia: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa lako halijapata wa kubebeshwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na ukisikia mzee anasemwa, usisimame hapo na ndoo yako kama mimi. Uliza. Tetea. Mimi nimezeeka na kimya kile, na sitaki ukirithi.

Mola aubariki mkono wako, ushike na kuotesha. Na ulimi wako aupe ujasiri niliokosa mimi. Amina.