Ukuta wa Mwalimu Anselimi

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo bado inanichefua. Juzi binti yangu alikoroga unga kwenye kikopo ili abandike picha za kazi ya shule, nikamwomba akafanyie uani. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Sikumweleza kwamba kwa pua yangu mimi ile ndiyo harufu ya mwaka elfu moja mia tisa na tisini, na kwamba mwaka huo nikiukumbuka namwona kwanza mpangaji wetu, Mwalimu Anselimi. Wewe unayesoma nitakueleza, kwa kuwa hunijui na huwezi kunionea haya.

Tulikaa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba yangu aliijenga kidogo kidogo kati ya safari na safari. Alikuwa dereva wa lori, akiondoka mwezi mmoja na kurudi mwezi mwingine, na mama ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa. Uani kulikuwa na chumba cha kupangisha, na humo aliishi Mwalimu. Jirani yetu wa ubavuni, katika nyumba ya udongo, alikuwa Gaspari fundi cherehani, pamoja na mkewe na binti yao Esperansi. Mimi na Esperansi tulikuwa na miaka kumi, darasa moja, dawati moja, na Mwalimu ndiye aliyetufundisha.

Mwalimu alikuwa mwembamba, mwenye koti la buluu alilokatiwa na Gaspari, na sauti aliyoiazima kwa watangazaji wa redio. Hata akitaka kuomba chumvi alikohoa kwanza, kama anayesubiri taarifa ya habari ianze. Watu wa mtaa walimheshimu sana, na sisi watoto tulimheshimu kupita wote. Leo nikikumbuka heshima ile naona aibu, kama mtu aliyegundua jioni kwamba ametembea kutwa nzima na nguo ndani nje.

Tangu Januari alitutangazia kwamba mwaka ule ungekuwa mkubwa, na kwamba yeye ataubandika ukutani mwa chumba chake. Alipata magazeti ya zamani ya Kifaransa kwa rafiki yake wa mjini. Kazi ya kukata picha ilikuwa yangu, kwa sababu mkono wangu haukutetemeka. Kazi ya kupika gundi ilikuwa ya Esperansi. Yeye Mwalimu alikaa kitandani akieleza.

Picha ya kwanza kubwa ilikuwa ya yule mfungwa wa Afrika Kusini aliyetoka gerezani baada ya miaka ishirini na saba, anatembea huku ameshikana mkono na mkewe, ngumi juu. Mwalimu alilia. Naapa alilia, machozi ya kweli, akatusimamisha mimi na Esperansi kimya kwa heshima ya mtu yule. "Muone," alisema, "dunia nzima ilipaza sauti mpaka mlango ukafunguka. Mtu mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake." Tulisimama huku gundi ikitukaukia vidoleni.

Zikafuata nyingine. Namibia ikapata bendera yake. Kameruni ikawafunga mabingwa wa dunia kule Italia, na yule mshambuliaji wao mzee akacheza dansi kwenye kibendera cha kona. Mwalimu naye alijaribu kuicheza uani, mama akaingia jikoni ili acheke vizuri. Agosti Kuweti ikavamiwa. Septemba Baba Mtakatifu mwenyewe alikuja kwetu, Mwalimu akasimama barabarani kwenye jua tangu asubuhi, akarudi akidai wameangaliana macho kwa macho. Oktoba Ujerumani mbili zikawa moja. Picha hiyo nilikuwa nimeikata nusu tu, wiki ile vita ilipoanza kaskazini mwa nchi yetu.

Vita hiyo haikubandikwa ukutani.

Siku chache baadaye Kigali ililia risasi kuanzia usiku hadi kulipokucha. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na kuta nene, kwa hiyo familia ya Gaspari ilikimbilia kwetu, na Mwalimu akatoka chumbani kwake akitambaa. Tulilala sote chini ya meza kubwa ya kulia, watu sita, tumebanana kama viazi guniani. Mwalimu alikuwa katikati. Alitetemeka hivi kwamba Gaspari alivua koti lake mwenyewe akamfunika nalo kichwani, akamwambia polepole, "Pole, Mwalimu, itapita." Itakapokuja kuulizwa nani alikuwa wapi usiku ule, kumbuka meza hiyo.

Ikaanza kuulizwa wiki ileile. Wanajeshi walipita mitaani pamoja na diwani wetu, ambaye sote tulimwita konseye, wakiwa na orodha ya ibyitso, yaani washirika wa adui. Ilisemekana hao ndio waliofyatua risasi mjini. Gaspari alikuwa barazani, kwenye cherehani yake, mchana kweupe. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi na kaka yake aliishi Uganda, walikotokea wavamizi; hayo yalitosha. Alichomeka sindano kwenye ukosi wa shati, akafunika cherehani kwa kitambaa kama kila siku anapofunga kazi, akaenda nao. Walimpeleka kwenye uwanja wa mpira, pale pale mtaani kwetu, ambako siku nyingine tulisikia kelele za magoli. Siku hizo hazikuwa za magoli.

Mama Esperansi alikuja uani kesho yake asubuhi. Mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele. Mwalimu alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki.

"Mwalimu," alisema, "ule usiku ya masasi sisi wote tulikuwa chini ya meza ya Mama Zaina. Na weye ulikuwako."

Mwalimu akakohoa. "Nilikuwako, ndiyo."

"Basi andika tu hivyo. Konseye amesema mtu mwenye kusoma akiandika, karatasi inafika kwa wakubwa. Na weye hawawezi kukushuku."

Ni kweli, hawangeweza. Kitambulisho chake kilikuwa kizuri, jina lake lilikuwa zuri, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa konseye mwenyewe.

"Mama Esperansi," alisema, na sauti ikawa ile ya taarifa ya habari, "mimi ni mtu ya elimu. Mambo ya siasa sijaingiaka hata siku moja."

"Hii si siasa, Mwalimu. Ni meza."

Alisukutua maji, akayatema pembeni kwa adabu. "Tuachie serikali ifanye kazi yake. Kama hana kosa, atatoka. Historia inaonyesha."

Mama Esperansi aliaga kila mtu, hata Mwalimu, akaondoka. Mama yangu aliendelea kuchambua mchele ule ule ambao ulikuwa umeshatakata. Kisha akaniambia, "Zaina, leta daftari."

Mama alisoma Kurani bila kukwama, lakini barua ya ofisi hakuwahi kuandika. Akasema, nikaandika. Niliandika kwamba Gaspari fundi usiku wa risasi alikuwa chini ya meza yetu, upande wa dirisha, na mkewe na mtoto wake, na hakutoka hata kukojoa. Mama akataka neno hilo libaki, kwa sababu lilikuwa kweli. Chini akachovya kidole gumba kwenye wino wa kalamu yangu iliyokuwa ikivuja, akakibandika. Aliogopa. Alivaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha baba, tukatembea hivyo hadi ofisini.

Konseye alisoma, akacheka. "Hii imeandikwa na mtoto."

"Imeandikwa na mtoto," mama alisema. "Imesemwa na mimi."

"Na Mwalimu mpangaji wako, hakujua kuandika?"

Konseye akaitia karatasi kwenye mtoto wa meza, na sijui kama iliwahi kutoka humo. Njiani mama alisema neno moja tu: "Debe tupu." Hakumalizia methali.

Basi ungedhani baada ya hapo nilimchukia Mwalimu. Sikumchukia. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Kabla ya likizo ya Krismasi shuleni kulikuwa na shindano la mambo ya mwaka, mbele ya mkaguzi wa elimu, na mimi na Esperansi tulikuwa tumeandaliwa pamoja tangu Januari. Mwalimu aliniita kando, akaniambia nitasimama peke yangu. "Mkaguzi ni mgeni," alisema. "Tusimletee mambo mazito." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Sikuuliza hata mara moja. Moyoni nilifurahi, kwa kuwa Esperansi alikumbuka tarehe kuliko mimi.

Nilivaa sare iliyopigwa pasi, nikasimama mbele. Esperansi alikuwa dawati la tatu. Asubuhi ile alikuwa ametoka kumpelekea baba yake chakula gerezani, alikohamishiwa, na chakula kilikuwa kimerudishwa. Mkaguzi, mzee mnene mwenye usingizi, aliuliza nani aliyetoka gerezani mwaka ule na kuishangaza dunia. Nilijibu jina, nchi, mwezi, na miaka ishirini na saba. Nikaongeza na ile sentensi ya Mwalimu, kwamba dunia ilipaza sauti, kila mmoja na sauti yake. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akafuta macho kwa leso. Nikamtazama Esperansi, naye alikuwa anapiga makofi, sawasawa na wenzake, kwa sababu aliyeacha kupiga angeonekana.

Nilipewa mkebe wa kalamu za rangi. Nilizitumia zote hadi zikawa vipisi.

Gaspari alitoka mwaka uliofuata, karibu na Pasaka, pamoja na wengine waliokuwa bado hai. Bega moja lilikuwa limeshuka na vidole vya mkono wa kulia havikukunjika vizuri. Alikaa kwenye cherehani, Esperansi akimtungia uzi kwenye sindano, na kila mshono ulipinda. Mwalimu alimpelekea suruali ya kupunguza, akaipokea ikiwa imepinda, akasema asante kwa sauti kubwa ili mtaa usikie. Nadhani alijiona ametenda wema. Kabla mvua haijakatika Gaspari alichukua mke na mtoto wakahamia Bujumbura kwa shemeji zake. Kwa hiyo hawakuwako hapa mwaka wa tisini na nne, na mwaka huo sitausimulia. Alifia huko Bujumbura, kitandani, mzee. Esperansi ndiye aliyenipigia simu. Tulizungumza muda mrefu na habari ya shindano hakuna aliyeigusa.

Mwalimu naye nilimwona tena mara moja, mwaka ambao nilikuwa tayari na mume na watoto. Nilikuwa Kabuga, nasubiri basi la kurudi mjini, naye alikuwa amekaa mbele ya duka, mvi tupu, redio ndogo sikioni. Alinitambua kabla sijamtambua. Alifurahi kwa dhati, akaniagizia fanta, na bila kuulizwa akaanza: mwaka wa tisini, Zaina, mwaka ule hautarudi. Akauhesabu wote. Mfungwa, bendera ya Namibia, Kameruni, Kuweti, Ujerumani. Hakukosea mwezi hata mmoja. Kumbukumbu yake ilikuwa kali kama wembe.

Nilisubiri amalize. Kisha nikasema, "Na Gaspari?"

"Gaspari." Akalirudia jina taratibu, akatazama juu, akakunja uso kama mtu anayepekua kabati. Nilimwangalia kwa makini, nikitafuta aibu, au hila, au hata woga wa zamani. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anatafuta kweli. Halafu akaniuliza, kwa upole wa mwalimu ambaye hataki kumvunja moyo mwanafunzi, "Huyo alichezea timu gani?"

Nikamwambia alichezea Kameruni. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema alidhani hivyo.

Niliiacha fanta pale ikiwa imebaki nusu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba Mwalimu aliogopa, na msamaha wa mwoga nilikuwa nao tayari, kwa kuwa mwaka ule nani hakuogopa. Mama aliogopa hadi akakosea viatu, na akaenda. Nilichokielewa kwenye basi lile, nikiwa mtu mzima, ni kwamba woga wa Mwalimu uliishia chini ya meza. Asubuhi ile anapiga mswaki hakuwa na woga wowote. Alikuwa ameulizwa habari za mtu ambaye, kwake, hakuwa habari.