Mkabaji wa Wiyoni

Kwa miaka minne timu ya Wiyoni ilifungwa mabao ya namna moja: mpira ulipita katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Jamaludin, fundi wa mashine za boti aliyekuwa kocha wao, alikuwa na viungo wawili wazuri. Taha alijua kutoa pasi ya mwisho, lakini hakujua kurudi nyuma. Mwalimu Owen, mtu wa bara, alikimbia dakika tisini bila kuchoka, ila kila mara mbele. Nyuma yao pakabaki wazi.

Ndipo Jamaludin akampata Dawud, mchukuzi wa mawe ya ujenzi. Hakuwa na mbio wala chenga. Alisimama mbele ya mabeki akikata mipira, na wenzake wakashambulia bila hofu. Katika mechi saba walifungwa bao moja tu.

Mechi ya nane, Jamaludin alimwona ameinama, mkono kifuani, midomo imepauka.

"Ni vumbi tu, Bwana Jamaludin," Dawud alisema.

Ikawa hivyo mechi ya tisa, na ya kumi. Jamaludin akamweleza mkewe, Alawiya, aliyekuwa muuguzi.

Alawiya aliweka mbuzi ya nazi kando. "Mpeleke akapimwe kesho."

"Fainali ni Jumamosi."

Kesho yake Jamaludin hakumpeleka. Wala keshokutwa.

Fainali ilichezwa Matondoni, dhidi ya wenyeji. Hadi mapumziko Wiyoni walikuwa mbele kwa bao la Taha. Kipindi cha pili Dawud alianza kutembea. Mpira ulipita karibu yake, asigeuke. Owen akaja mbio ukingoni.

"Kocha, namwita hanisikii."

Jamaludin akamwomba refa ruhusa ya kubadilisha mchezaji.

"Ukimtowa huyo, ndia i wazi!" shabiki mmoja alimkemea, akionyesha njia ya katikati ya uwanja.

Dawud alitoka bila kumtazama kocha wake. Katika dakika ishirini Matondoni walifunga matatu, yote kupitia palepale alipokuwa akisimama.

Kwenye boti ya kurudi Jamaludin alishika usukani. Kabla ya kufika Wiyoni, Dawud alimlalia Owen begani, kisha akateleza hadi sakafuni. Jamaludin akaongeza mwendo moja kwa moja hadi hospitali ya mjini Amu.

Daktari alisema moyo umepanuka, na lazima apelekwe Mombasa.

"Angemaliza mechi ile, asingefika hapa," alisema. "Lakini mngemleta wiki tatu zilizopita, ningekuwa na matumaini zaidi."

Bwanamkuu, babake Dawud, alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Wewe ulijua tangu lini?"

Jamaludin alifikiria kusema uongo. "Tangu mechi ya nane."

Mzee aliingia kwa mwanawe, akaufunga mlango taratibu. Jamaludin akabaki kwenye benchi, akisikiliza pumzi za Dawud upande wa pili, jinsi zilivyokatika na kuanza tena.