Kilele Tulichokiacha Bashay

Niliondoka nyumbani Katesh kwa sababu moja. Binti yangu Veronika alikuwa anaongoza kundi la watalii wa ndani kwa mara ya kwanza, na kampuni ya utalii ilikuwa bado haijaamua kama njia hiyo ya vilima vya Bashay itakuwa yake kuiongoza. Kuongoza watu kupanda vilima! Mimi nimezaliwa Bashay, vilima hivyo nimevipanda na kuni kichwani. Sikujua kuna mtu anayeweza kuvilipia. Lakini mtoto ni mtoto. Nikavaa raba.

Asubuhi Mbulu mjini kulikuwa na ukungu na baridi kali. Wageni walikuwa vijana kutoka Arusha, wakaniamkia vizuri. Mkubwa wao, Richard, ndiye aliyetumwa na kampuni kumpima Veronika.

Tulipoanza kupanda kutoka Bashay, Veronika akawa mtu mwingine. Nyumbani huyu hata ufunguo wa kabati haoni ulipo. Huku aliwaonyesha wageni matuta yanayozuia udongo na chemchemi ya kunywa, akawasubiri waliohema bila kuwaaibisha. Nilitembea nyuma nikijichekea.

Karibu na saa sita kilele kilikuwa hapo juu yetu, mahali pa kuliona bonde la Yaeda Chini. Ndicho wageni walichokifuata. Veronika akasimama. Jua zuri la palizi, na shambani hakuna jembe hata moja. Nami nikaelewa. Kwetu mtu akifa, majirani hawalimi mpaka azikwe. Mbele yetu, kwenye nyumba inayopitiwa na njia, watu walikuwa wamekaa nje kimya.

"Tupite taratibu tu," Richard alisema. "Nusu saa tuko juu."

"Hapana, kaka," Veronika alisema. "Hatupiti kwenye msiba tukienda kujifurahisha. Tunaingia kutoa pole."

"Na kilele?"

"Muda ukibaki tutapanda. Usipobaki, tunashuka."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo inaondoka! Lakini alishawaambia waweke simu mifukoni na kila mmoja aokote kuni, maana msibani hatuingii mikono mitupu. Wakaokota, Richard naye, uso kaukunja.

Mwenye nyumba alikuwa amefiwa na mke. Alipowaona wale vijana na kuni zao, aliinuka.

"Binti, hawa umewatoa wapi?"

"Shikamoo, baba. Ni wageni wangu. Wamekuja kuwapa pole."

Mzee akawashika mikono mmoja mmoja. Kaburi lilikuwa linachimbwa kwenye mawe na wachimbaji walikuwa wachache. Sijakaa hata vizuri na wanawake wenzangu, nikamwona Richard amevua koti, ameshika sururu.

Jioni tulishuka. Kilele hatukukikanyaga. Ndani ya gari Richard alijitazama malengelenge ya viganjani, nami nikimtazama yeye.

"Nitawaambia kampuni hatukufika juu," alisema.

"Waambie," Veronika akajibu. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Na nitawaambia njia hii ni yako. Wageni wangu nitampa mtu anayejua wakati wa kusimama." Kisha akanigeukia. "Mama, mambo haya nani alimfundisha?"

Wanasema safari humfundisha mtu unyenyekevu. Mimi nilinyoosha mgongo, nikamjibu:

"Mimi."