Ngozi Niliyoifua Mtoni

Juzi asubuhi nilipita kwa jirani yangu, mfugaji aliyehamia huku Chanzuru kutoka kanda ya ziwa, nikamkuta binti yake akimnywesha ndama maziwa kwa chupa ya soda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yake huyo yuko wapi?"

"Amekufa, bibi. Sasa mama yake ni mimi."

Nikacheka. Lakini ndama alipoiachia chupa na kunipumulia kiganjani, pumzi ile ya maziwa ya moto ilinichukua, ndugu yangu, ikanipeleka mbali.

Shule sikuimaliza, na ya jana nayasahau. Ila ng'ombe wetu nawakumbuka wote kwa majina: Chausiku mweusi, Tabu wa pembe moja, na Sikitu, wa rangi ya chai ya maziwa. Sisi tulikuwa wakulima wa mahindi. Ng'ombe ilikuwa kazi ya pembeni. Baba alichukua ndama yatima, kutoka Magole mpaka Mamboya, akawanyonyesha kwa ng'ombe wetu wa maziwa, wakikua anawauza. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni hata usione miguu ya ng'ombe, ni migongo tu inaelea, na maziwa yanagonga ndoo, chwa, chwa, huku viazi vya mama vikinukia jikoni.

Mwaka mmoja ndama wa Sikitu alikufa, hata wiki hakumaliza. Siku ileile akaletwa yatima kutoka Mamboya, mbavu nje, magoti yanatetemeka. Baba akamchuna yule aliyekufa, akamfunga yatima ile ngozi mgongoni. Sikitu akainusa, akainusa tena, akamlamba.

"Mtu huona kwa macho," baba alisema, "ng'ombe huona kwa pua." Akasema tuivumilie ngozi wiki moja tu, kisha ataivua.

Siku ya tatu ikawa inanuka, nzi wamejaa. Na mimi nilikuwa mtoto wa mama yangu, mwanamke aliyesema uchafu si umaskini, ni uvivu. Basi wakubwa wakiwa shambani, nikaifungua ngozi, nikaenda nayo mto Mkondoa, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaianika, nikamvika tena yatima wangu huku najisifu.

Jioni Sikitu aliinusa mara moja tu. Teke! Ndama akaanguka. Akainuka, akamrudia, akapigwa tena. Baba akaileta ngozi puani.

"Nani amefua hii?"

Nikaficha mikono nyuma. Bibi, mama yake baba, alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, tumepata mwosha maiti! Na mwosha huoshwa, mjukuu wangu!"

Baba hakucheka. "Asiponyonya, kesho kutwa tunamfukia. Mwanangu, umemfutia mama yake."

Tangu hapo, asubuhi na jioni, baba alimfunga Sikitu miguu ya nyuma, bibi akampaka ndama chumvi na maziwa ya Sikitu mwenyewe, nami nikamshikilia chini ya kiwele. Nililia, nikamwomba Sikitu msamaha sikioni. Ndama alinyonya kwa kuiba, mafunda mawili matatu, na mbavu zikabaki vilevile. Ilikuwa siku ya ngapi sijui. Nakumbuka ukungu, na kamba ingali mkononi mwa baba, hajaifunga. Sikitu akageuza shingo, akatoa ile sauti ya chini wanayowaitia watoto wao, akaanza kumlamba yatima kuanzia mkiani. Baba akaitundika kamba. 

Zizi lile leo ni shamba la ufuta. Mto nao umekula kingo, hata pale nilipofulia hapapo.

Mama alipofariki, wanawake walikusanya nguo zake wakazifue. Nikachomoa kanga moja. "Hii isifuliwe." Wakadhani msiba umenichanganya. Miaka mingi nilikuwa nikiifungua sandukuni, naweka uso, na mama yupo: moshi, maziwa, sabuni ya mche.

Siku hizi naifungua, nanusa, nanusa tena. Ni kitambaa tu.