Jike la Mbung'o

Mimi nzi namgeuza. Namlaza chali, namtazama mkiani, na haya sina. Asiyetaka kuona na afumbe macho.

Msimu ule nilikuwa kibarua wa kukagua mitego ya mbung'o bondeni, upande wa Masasi, vile vitambaa vya buluu na vyeusi. Kwetu ni Newala, lakini kaka yangu alishahamia huko na ng'ombe watatu. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ikamuulia wawili. Maziwa ya wanawe yalitoka kwa yule mmoja aliyebaki, na kila nikimwona anakohoa niliogopa ni zamu yake.

Asubuhi moja nikakuta nzi mzima mtegoni. Mbawa kazilaza moja juu ya nyingine kama makasi yaliyofungwa. Nikamtia kwenye kichupa, nikampelekea bwana mifugo, mkubwa wangu wa kazi.

"Shikamoo, bwana mifugo. Ni mbung'o, jike."

"Marahaba. Mbung'o sawa, ila dume. Huyu kapanda gari huko porini, kaletwa tu. Dume peke yake hazai, maana yake hapa hawazaliani, kwa hiyo mitego tunaihamisha kwingine." Alishaandika "dume" kwenye fomu.

Yaani hata hakumgeuza! Nikamwambia dume ana kinundu chini ya mkia, huyu hana, na tumbo limemjaa.

Akacheka, na wenzake wa ofisini wakacheka. "Mama nanii, huoni haya kumchungulia nzi nyuma mbele ya wanaume?"

"Nimefundwa, nimezaa wanne, nimemzalisha mwenzangu njiani tukienda hospitali ya Ndanda. Leo nikamwonee haya nzi?"

Tukiwa bado tunabishana, mbung'o akajikunja mle kichupani, akasukuma buu moja jeupe, nene. Mbung'o hatagi mayai, huzaa buu moja moja. Bwana mifugo mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Buu likaanza kutambaa kwenye kioo.

"Haya, andika," nikamwambia.

Akatazama dirishani. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikalikata lile neno, nikaandika kwa herufi kubwa: JIKE, AMEZAA MBELE YETU. Nikaweka sahihi yangu.

Mitego haikuhamishwa, na ng'ombe wa kaka anakamuliwa mpaka leo. Msimu uliofuata hawakuniita kazini. Wasiniite! Fomu ile ina mwandiko wangu, na hakuna aliyethubutu kuufuta.